Juu ya Neno “Nice” la Kiingereza na Fasiri Zake

Katika maneno ya Kiingereza ambayo watoto wetu hujifunza mwaka wa kwanza, hakuna lionekanalo jepesi kuliko neno hili “nice,” litamkwalo “nais.” Mwalimu huliandika ubaoni upande wa kushoto, na upande wa kulia huandika “-zuri”, watoto hunakili, kengele hulia, na tangu siku ile habari ya neno hilo imekwisha. Mimi nami nalilifundisha hivyo kwa miaka mingi, wala sikuona ubaya wake. Nataka kueleza hapa jinsi nilivyokuja kutambua ya kuwa neno hili si jepesi hata kidogo, na ya kuwa desturi yetu ya kulifasiri yatudhuru pande mbili: twakosa kumfahamu Mwingereza anenavyo, na tena twaipunguza lugha yetu wenyewe.

Kilichonifumbua macho ni habari ya mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, kijana mwenye bidii, ambaye huwaandikia watu wa kijiji chao barua, na kuwasomea hati zinazotoka mahakamani. Alimjia mtu mmoja aliyekuwa akishindania shamba la minazi na kaka yake. Huyo mdogo alidai ya kuwa marehemu baba yao alimpa shamba lile angali hai, mbele ya shangazi yao. Kesi ilipofika katikati, hakimu aliandika uamuzi mdogo kwa Kiingereza, akasema ndani yake kwamba hoja ile ya zawadi ni “a nice point,” na kwamba kila upande una ruhusa kuleta ushahidi zaidi. Kijana akafasiri: “Hakimu asema hoja yako ya zawadi ni nzuri.” Yule bwana akarudi kwake akapika pilau, akawaita majirani. Shangazi, aliye mzee sana na macho yake hayaoni vema, akaachwa kitandani mwake. Kwa maana ni nani atakayemsumbua bibi kizee kwa safari ya basi, ili athibitishe jambo ambalo hakimu amekwisha kulisifu? Kesi ikaisha, na yule mdogo akashindwa kwa kukosa shahidi.

Lakini hakimu hakusifu kitu. Alilosema ni kwamba hoja ile ni nyembamba kama uzi, yaweza kuangukia huku au huku, na yataka kupimwa kwa mizani ya sonara. Kwa maneno mengine alimwonya mtu yule alete shahidi wake, naye akasikia ameambiwa akapumzike. Kijana aliponiletea karatasi ile, akiwa amejaa huzuni, nalimwuliza alipata wapi fasiri hiyo. Akanijibu kwa adabu, “Mwalimu, ndivyo tulivyoandika daftarini.” Sikuwa na la kusema. Daftari lile nalilisahihisha mimi.

Tangu hapo nimelifuatia neno hili katika vitabu vya Waingereza, nami nimeona ya kuwa ukoo wake ni wa ajabu. Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno “nescius,” lililoungwa kwa viungo viwili, kimoja cha kukanusha na kimoja cha kujua. Maana yake ni asiyejua. Likashuka katika Kifaransa cha kale likawa “nice,” nalo huko lilikuwa jina la mtu bozi, mwenye akili chache. Waingereza walilipokea kwa Wafaransa mnamo mwaka 1300 hivi, kwa maana ile ile. Chaucer, mshairi wao mkuu aliyekufa mwaka 1400, akimtaja mtu kwa neno hili, hamsifu, amwita mpumbavu. Mwingereza wa leo akimwambia mwenziwe kwamba ni “nice” hudhani amempa tunu. Babu yake wa miaka 600 iliyopita angaliliitikia kwa ngumi. (Msomaji wa Kongo aliyezoea Kifaransa asidhani ya kuwa mji wa Nice, ulio pwani ya kusini ya Ufaransa, wahusika na habari hii. Jina la mji ule latoka kwa Wayunani wa kale, nalo ni la ushindi.)

Tusicheke upesi, maana sisi nasi tunalo neno la namna hiyo. “Mjinga,” katika Kiswahili cha kale cha Unguja, hakuwa hasa mtu aliyepungukiwa na akili. Alikuwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha ya mji wala desturi zake. Ndivyo walivyoeleza watungaji wa kamusi za zamani. Kutojua kwake kulikuwa kwa uchanga, na uchanga hupita. Baadaye neno likashuka hata likawa tusi, na leo mtu akiitwa mjinga hakumbuki ugeni wo wote. Akumbuka kutukanwa tu. Basi “mjinga” na “nescius” walianza mahali pamoja, katika kutojua. Wetu akashuka, wa Waingereza akapanda. Tena Waingereza wenyewe wanalo neno jingine lililokwenda kinyume cha hili, nalo ni “silly.” Zamani maana yake ilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa, kisha ikawa asiye na hatia, kisha mnyonge wa kuhurumiwa, na sasa ni mpuuzi. Maneno hayo mawili yamepishana ngazini, moja likipanda na moja likishuka, na pengine hata hawakuamkiana.

Yawezekanaje neno la mpumbavu kupata kuwa neno la sifa? Njia yake ni ndefu, na kila hatua ni ndogo. Asiyejua huona haya, husitasita, hashiki kitu kwa mkono imara. Mwenye kusitasita huonekana kama mtu achaguaye mno, hiki hakitaki na kile hakitaki. Hapo neno liliingia mahali ambapo Kiswahili kina neno lake zuri kabisa: “mteuzi.” Mteuzi ni mtu ambaye chakula chamkinai upesi, na nguo ikiwa na kunyanzi moja haivai. Lakini mteuzi huyo huyo, ukimtazama kwa upande wa pili, ni mtu mwenye jicho kali, apambanuaye vitu ambavyo wengine waviona kuwa ni kimoja. Basi neno likapita kutoka kwa mtu likaingia katika kazi yake: upambanuzi mwembamba ukaitwa “nice,” na swali litakalo upambanuzi huo likaitwa hivyo hivyo. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alilieleza neno hili kwa habari za usahihi, uangalifu na uteuzi. Na mtu mwenye uteuzi hupenda nini? Hupenda vitu laini, vilivyotengenezwa kwa ustadi. Hatua moja zaidi, na kila kipendezacho kikawa “nice.” Hatua hiyo ya mwisho Waingereza waliipiga katika karne ya 18, kwa umri wa lugha ni kama jana.

Nimeziandika hatua hizi kwa kufuatana, kama ngazi ya seremala, lakini ukweli haukuwa safi hivyo. Maana zote zilikuwa zikitembea pamoja njiani kwa muda wa miaka mingi. Watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, walikiri ya kuwa katika maandiko mengi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi. Nimependa sana ungamo hilo. Wataalamu waliokusanya ushahidi wa karne zote wakubali kwamba hawawezi kukata shauri, nasi walimu wa shule tulikata shauri kwa neno moja la herufi nne.

Mfano mmoja watosha kuonyesha hatari yake kwa msomaji. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Romeo and Juliet, padre Laurence alimwandikia Romeo barua ya kumjulisha kwamba Juliet hakufa, amelazwa tu kwa dawa. Mwenye kuipeleka alizuiliwa nyumbani kwa sababu ya tauni, barua haikufika. Laurence apatapo habari hiyo, alalamika ya kuwa barua ile haikuwa “nice.” Mwanafunzi wa leo asoma hapo, adhani padre asema barua yake mwenyewe ilikuwa mbaya, au haikuandikwa kwa maneno ya adabu. Sivyo. Maana ya neno katika mahali pale ni jambo dogo, upuuzi. Padre asema barua ile haikuwa ya kuchezea, ilibeba mambo mazito. Na kweli, kwa kukosekana kwake wale vijana wawili walikufa. Sasa mpe mwanafunzi daftari lenye “-zuri” upande wa kulia, halafu umwulize kwa nini Romeo alikufa.

Waingereza nao wamegombana juu ya neno hili, na ugomvi ulio mashuhuri ni ule ulioandikwa na Jane Austen katika kitabu chake Northanger Abbey, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1817, baada ya mwandishi kufariki. Msichana Catherine Morland, akitembea kilimani karibu na mji wa Bath pamoja na Henry Tilney na dada yake, asifu kitabu cha Ann Radcliffe kwa neno hili. Henry amcheka. Amwambia kwamba siku ni “nice,” na matembezi yao ni “nice,” nao wasichana wawili ni “nice,” na kwamba neno hilo lafaa kwa kila kitu chini ya jua. Kisha asema ya kuwa hapo mwanzo labda lilikuwa kwa unadhifu na ulaini na adabu tu, bali sasa sifa zote za ulimwengu zimetiwa ndani yake.

Wasomaji wengi humpa Henry ushindi, kwa maana ana maneno mengi na Catherine hana. Mimi simpi. Kwanza, amekosa katika historia: hapo mwanzo neno halikuwa la unadhifu wala la adabu, lilikuwa la upumbavu, kama tulivyoona. Yeye alichukua maana ya ujana wa babu yake akaiita mwanzo. Na hilo ndilo kosa la walinzi wa lugha kila mahali, pamoja na wazee wetu wa pwani wasemao Kiswahili kimeharibika tangu mwaka ule ule ambao wao walitoka shuleni. Pili, dada yake alimjibu vizuri kuliko yeye alivyouliza. Alimwambia kaka yake kwamba neno hilo lamfaa yeye mwenyewe, wala bila sifa yo yote, maana uteuzi wake wazidi busara yake. Na kwa uteuzi huo alitumia neno lile lile “nice,” kwa maana yake ya kale. Mwandishi ametuonyesha maana mbili katika mazungumzo mamoja, ya kale na ya siku zile, bila kutoa somo. Kama kitabu hiki kingefasiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye daftari letu, dada huyo angesema, “Wewe ni mzuri kuliko ulivyo na busara,” na mchezo wote ungekufa pale pale.

Baada ya miaka mia na zaidi alikuja H. W. Fowler na kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza, mwaka 1926. Yeye pia alilalamika kwamba neno limepoteza nafsi yake kwa kupendwa mno, hata limebaki harufu tu ya upole usio na umbo, na lawama aliwatupia wanawake. Fowler nilimpenda kwa mambo mengi, lakini hapa namwona kama mtu anayemlaumu mpishi kwa sababu chumvi imo katika kila chungu. Neno pana lina kazi yake. Mgeni aulizapo kama ulipenda karamu yake, nawe hukuipenda sana, neno lenye umbo kali litamjeruhi. Lile lisilo na umbo litampita salama. Sisi twalijua jambo hili kuliko Waingereza. Mtu akiulizwa “Habari za nyumbani?” hujibu “Nzuri,” na baada ya kumeza mate huongeza, “ila mtoto ana homa, na paa limechukuliwa na upepo.” Hakusema uongo. “Nzuri” ya kwanza si habari, ni mlango wa kuingilia katika habari. Ndivyo lilivyo “nice” la Waingereza katika mazungumzo yao mengi, na mwenye kulidharau hapo hajui mlango ni kitu gani.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kulipeleka neno la mlangoni mpaka jikoni na shambani na mahakamani. Hapo ndipo habari ya jamaa zake yatupasa kuangaliwa, yaani yale maneno ambayo vitabu huyaita ya maana moja. Kitabu mashuhuri cha maneno hayo ni cha Peter Mark Roget, tabibu aliyezaliwa London mwaka 1779. Alianza kujikusanyia maneno mwaka 1805 kwa kazi zake mwenyewe, akakitoa kitabu mwaka 1852 akiwa na miaka 73. Aliyapanga kwa jamaa za maana chini ya vichwa 1,000, si kwa alifabeti. Wala hakuyafasiri, kwa kuwa alimwandikia mtu ayajuaye tayari, ila yamempotea kwa dakika moja. Kitabu hiki kikiingia mikononi mwa mwanafunzi wetu chafanya madhara ambayo mtungaji wake hakuyakusudia. Mwanafunzi aona mstari mrefu wa maneno, adhani ni fedha za thamani moja: akichoka na moja achukua lililo karibu.

Lakini hazina thamani moja. “Pleasant” hufuata hali, kama hewa au safari. “Kind” hufuata moyo wa mtu na tendo lake. “Pretty” ni la sura. “Delicious” ni la ulimi. “Subtle” ni la akili. “Nice” laweza kukaa katika viti vyote vitano, lakini hao watano hawawezi kukaliana viti. Jaribu kuiita hoja ya wakili “delicious,” au samaki wa kukaanga “subtle,” uone watu watakavyokutazama. Kwa hiyo ni kosa kuuliza, “Neno lenye maana sawa na ‘nice’ ni lipi?” Yapasa kuuliza kwanza, “Limekaa kiti gani?” Na swali hilo haliwezi kujibiwa na orodha, hata ikiwa ndefu kama barabara ya Mombasa, ila kwa kusoma sentensi nzima na mara nyingi ukurasa mzima.

Sasa niseme juu ya lugha yetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Kwa kufasiri kila “nice” kwa “-zuri,” tumeifundisha “-zuri” kazi ambayo haikuwa yake. Nilipata kusahihisha insha ya mtoto wa pwani, mwana wa mvuvi, aliyeandika kwa Kiswahili: “Tulikwenda kisiwa kizuri, tukapata upepo mzuri, tukala samaki wazuri, na nahodha alikuwa mzuri.” Mtoto huyo akiwa nyumbani kwao husikia kila siku upepo mwanana, samaki mtamu, nahodha mcheshi au mkunjufu. Maneno hayo anayo kinywani. Ila akishika kalamu, Kiingereza cha shuleni humwandikia Kiswahili chake.

Wazee walitofautisha sana “-zuri” na “-ema.” Uzuri ulikuwa zaidi wa jicho, wema zaidi wa moyo na wa kufaa. Mke mzuri na mke mwema walikuwa sifa mbili, na mwenye bahati alizipata zote katika mtu mmoja. Ndiyo maana kuna methali isemayo, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti”; hakuna aliyesema “wema wa mkakasi,” maana wema haupakwi rangi nje. Tena walisema, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza,” wakikusudia bidhaa ifaayo, hata kama haing’ai. Leo nawasikia wengi wakiitaja methali hiyo kwa “Kizuri chajiuza.” Badiliko ni la silabi mbili, lakini mfanyabiashara wa kwanza aliuza kitu chenye kufaa, na wa pili auza kitu chenye kupendeza macho. “-ema” imekimbilia katika maneno ya kuagana, siku njema, usiku mwema, safari njema, kama mzee aliyeachiwa chumba kimoja katika nyumba aliyoijenga.

Huko bara mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika Kiswahili cha Kongo, na katika kile walichokuwa wakisema walowezi wa Kenya na watumishi wao, “mzuri” au “muzuri” lilikatwa hata na viambishi vyake, likawa jibu la kila salamu na sifa ya kila kitu bila upatanisho. Sisemi hayo kwa kuwadharau watu wa Kongo, ambao lugha yao ina utaratibu wake; nasema tu kwamba neno likibebeshwa mizigo yote, hutupa njiani mizigo iliyo mepesi, na viambishi ni vya kwanza kutupwa.

Wako waogopao pia maneno ya vijana, nami nadhani hofu hiyo haina sababu kubwa. Vijana wa mijini husema “poa,” husema “safi,” husema wimbo huu ni “mkali.” Yatazame maneno hayo kwa asili. Kupoa ni kupungua moto, kama uji au hasira. Safi ni kisicho na uchafu. Kali ni ya kisu, ya jua, ya ndimu, na ya mwalimu. Kila moja limeanza mahali pake pembamba, nalo lapanda kuwa sifa ya jumla, kama “nice” lilivyopanda. Na “murua,” ambalo wengi siku hizi hulitumia kwa maana ya zuri sana, lilikuwa kwa Waarabu uungwana wa mtu na mwenendo wake mwema. Lugha haiachi kufanya hivi. Vijana angalau wamechukua maneno kutoka jikoni kwao. Sisi walimu tulichukua moja kutoka ubaoni.

Yako matumizi mengine ya neno hili ambayo nayapitia upesi, kwa kuwa fasiri yake ni ya kusikia kuliko ya kueleza. Mama wa Kiingereza akimwambia mtoto awe “nice” kwa mwenzake, hamtaki awe mzuri, amtaka asimchokoze, na Kiswahili chake ni “Kaa naye vema.” Wasemapo chai ni “nice” na moto, neno halisifu chai, lasifu ule moto: “Chai i moto kama ipasavyo.” Wakifurahi kukutana na mtu, sisi twasema “Nimefurahi kukufahamu,” bila kutafuta neno hilo mahali po pote. Na Mwingereza akikuta mtumishi amemwaga wino juu ya hesabu za mwezi mzima, akasema kwamba hiyo ni kazi “nice,” amekasirika, nasi twaweza kusema kwa sauti ile ile, “Ahsante, umenifaa kweli!” Mfasiri akiandika hapo “kazi nzuri,” na msomaji asiposikia sauti, basi yule mtumishi ataonekana amepata sifa.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo halitajwi kamwe katika orodha hizi, nalo kwangu lakaribia sana “nice” lisemwapo juu ya watu wa nyumba fulani ya heshima: ni “muungwana.” Kwanza lilikuwa habari ya kuzaliwa huru, si mtumwa, kisha likawa habari ya adabu, hata leo twasema mtu ni muungwana bila kuuliza baba yake alikuwa nani. Waingereza wana “gentle,” ambalo lilipita njia hiyo hiyo kutoka nasaba hata upole. Nalitaja ili wafasiri walikumbuke, wala sisemi lafaa kila mahali. Likitumiwa kila mahali, nalo tutaliua.

Nirudi kwa kijana wangu. Nalimwomba aifasiri upya sentensi ile ya hakimu, si kwa faida ya kesi, maana kesi imekwisha, bali kwa ajili ya hati nyingine zitakazomjia. Mara ya kwanza aliandika, “Hoja hii ni ngumu.” Nikamrudishia, kwa sababu jiwe ni gumu na hesabu ni ngumu, lakini hakimu hakusema kwamba hoja haivunjiki, alisema kwamba ni rahisi kukosea kwayo. Mara ya pili aliandika, “Hoja hii ni nyeti.” Hilo lilikaribia, ila watu wa kijijini kwao wangedhani ya kuwa ni jambo la siri au la aibu, lisilosemwa mbele ya wakwe. Mara ya tatu alikaa siku mbili, akaniletea hivi: “Hoja hii ni nyembamba, haiamuliki kwa kutazamwa juu juu, kila mmoja na alete ushahidi wake.” Maneno mengi mahali pa moja la Kiingereza. Nikaikubali, nikamwambia tu kwamba mahali pa “nyembamba” mimi ningeweka “ya kupambanuliwa kwa uangalifu.” Akafikiri kidogo, akaniambia shangazi wa yule bwana asingeyafahamu hayo maneno yangu, lakini “nyembamba” angelifahamu, kwa kuwa alikuwa msusi wa mikeka. Nikaliacha “nyembamba” kama lilivyo.